Ndiyo Ambayo Hukuisema

Mwaitu wangu,

Nakuita hivyo kwa Kikamba chetu kwa sababu "mama" ulisema ni jina la wateja. Kila aliyeingia kibandani kwako pale Kathonzweni alikuita mama, hata wanaume wa rika lako waliokuja kuongezewa suruali kiunoni, nawe ukawajibu, "Mimi sijazaa mtu mwenye tumbo kama hilo." Nilikuwa chini ya meza nikiokota vipande vya kitambaa na kucheka. Barua hii naiacha wazi ili waisome pia wale waliokuwa sebuleni kwako siku ya maombi, wakapiga makofi na kulia. Wengi wao ni watu wazuri. Watu wazuri ndio waliokutenda vibaya kuliko wote.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama unavyonijua. Ulikuwa unanicheka kwa sababu naandika shajara kila siku kama karani wa chifu: tarehe, hali ya hewa, nani alikuja. "Wewe utazikwa na kalamu sikioni," ulisema. Basi kalamu ninayo, na wewe ndiye uliyezikwa.

Kiharusi kilikuchukulia mikono, shingo na ulimi. Kikakuachia mguu wa kulia. Pale hospitalini Kyalo, kaka yangu, alisema, "Afadhali kingemwachia mkono." Nikamwangalia nikajiuliza alilelewa na nani. Ule mguu ndio uliotulisha. Nau, ndivyo tulivyomwita baba, alipokwenda kuishi na yule mwanamke wa Emali alibeba cherehani yako ya kwanza juu ya basi akampelekea, nawe ukashona kwa mkono hadi ukapata nyingine, ya umeme, yenye pedali. Hukumtukana. Ulimwita tu "yule mgeni", na ukasema mgeni akishaenda kwake, hakuna haja ya kumwekea kiti.

Mama wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alinipa programu ya kuzungumzia. Ilikuwa ya zamani sana, imetengenezewa kompyuta ambazo siku hizi hakuna anayeziunda. Lakini mimi nina duka langu la kuchapa na kutoa nakala kule Salama, na mambo hayo nayajua kidogo. Niliweka kwenye laptop emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani, na ndani yake nikaiwasha ile ya kuzungumza. Kisha nikaifungua pedali ya cherehani yako na kuiunganisha na kitufe cha kipanya. Ukikanyaga, kompyuta inaamini kuna mtu amebonyeza kipanya. Ukiachilia, inaamini ameachilia.

Kwenye kioo kulikuwa na visanduku. Cha kwanza NDIYO, cha pili HAPANA, halafu herufi zote. Ukikanyaga na kushikilia, mwanga unatembea kutoka kisanduku hadi kisanduku. Ukiachilia, mwanga unasimama na sauti inasoma ulipofika. Mama wa mazoezi alisema wengine huchukua miezi kujifunza. Wewe ulichukua alasiri moja. Maisha yako yote ulikuwa ukishikilia pedali na kujua hasa pindo linaishia wapi. Sentensi yako ya kwanza, baada ya majuma ya ukimya, tuliisubiri tukiwa tumeshikana mikono, na sauti ya mashine ikasoma: NANI ALINIVALISHA RANGI HII.

Kyalo alikasirika. Alitarajia neno la shukrani, au mstari wa Biblia. Ndunge, jirani yetu, alikuja na uji akauliza, "Mama Kyalo, unaniona nimepungua?" Mguu ukashuka, mwanga ukatembea, tukangoja. NDUNGE NENEPA TU MUNGU ANAONA. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilijua umerudi.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Mimi nilikuwa dukani. Kyalo aliunganisha laptop yako na intaneti ya simu yake ili akuwekee mahubiri ya video. Nilimuuliza baadaye, "Kompyuta ilikuuliza kitu?"

"Iliuliza."

"Iliuliza nini?"

"Sijui. Ilikuwa inasumbua na maswali yake ya Kizungu. Nikabonyeza kukubali."

Alikubali, na emuleta ikapakua toleo jipya. Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, mchungaji alikuja nyumbani na nusu ya kanisa. Katikati yao alikuwa Nau, amekonda, ameshika kofia, yule mwanamke wa Emali akiwa ameshamchoka. Nilifika nikawakuta wameshajaa sebuleni. Mchungaji akapiga magoti mbele ya kiti chako, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama, mumeo amerudi. Amekiri mbele ya kanisa. Unamsamehe?"

Ulikanyaga. Mashine ikasema: NDIYO.

Wakapaza sauti. Mchungaji akainua mkono, wakanyamaza.

"Unakubali arudi katika nyumba hii?"

Ukakanyaga tena. NDIYO.

Nakumbuka kooni mwako ilitoka sauti, "Aaa," tena na tena, na machozi yakakutoka. "Anamshukuru Bwana," mchungaji alisema. Wakaimba. Mwaitu, katika lugha yetu hapana ni "aiee". Chumba kizima kilikuwa cha Wakamba. Ulikuwa unasukuma nusu ya neno ambalo kila mmoja wetu alilijua kabla ya kuota meno, nao wakalitafsiri kuwa haleluya.

Nau akahamia. Kyalo aliweka kitanda chake chumbani kwako, ng'ambo ya chako, ili muwe "pamoja uzeeni". Akawa anakulisha uji kwa kijiko wageni wakiwapo, anakupangusa mdomo kwa leso, anawaeleza, "Huyu mama ana moyo wa dhahabu. Mimi nilimkosea na yeye akasema ndiyo, mara moja, bila kusita." Wageni wakitoka, kijiko kilibaki kwenye bakuli hadi msichana wa kazi akuonee huruma. Mkiulizwa kama mko sawa, mashine ilijibu NDIYO. Kama umeshiba, NDIYO. Hukutunga sentensi tena, wala utani, wala tusi hata moja. Nilipomuuliza mchungaji mbona umenyamaza, alinishika bega. "Mtu aliyepata amani hana maneno mengi, binti yangu."

Jibu lilikuwa zuri. Ndiyo maana liliwafaa wote.

Aliyelivunja ni Ndunge, kwa utani wake. Alikuja siku moja Nau akiwa nje, akasimama mbele yako akizungusha kiuno. "Mama Kyalo, niambie ukweli. Mimi ni mnene?"

NDIYO.

"Shetani wewe! Basi, mimi ni mwembamba?"

NDIYO.

Ndunge alijipiga mapaja kwa kicheko. "Amezeeka sasa, ananionea aibu!" Mimi sikucheka. Wewe hujawahi kumwonea mtu aibu. Niliinama nikakuangalia machoni, na Mwaitu, jinsi ulivyonitazama sitaki kuieleza hapa. Nilikuuliza polepole, "Mwaitu, jina langu ni Kyalo?" Mguu wako ukashuka kwa nguvu, ukang'ang'ania pedali mpaka goti likatetemeka. NDIYO, ikasema mashine, ukiwa bado umeikanyaga.

Niliwaambia Kyalo na Nau kwamba mashine ina hitilafu. Kyalo akasema, "Hitilafu ni yeye. Ubongo umechoka, hata daktari alisema utachoka." Kwa hiyo nilianza na yale ambayo wangeyasingizia. Nikabadilisha pedali. Nikabadilisha waya, kisha kipanya, kisha nikahamishia kila kitu kwenye laptop ya dukani. Ugonjwa ukatufuata. Nilipobofya kipanya kwa kidole, tap, mashine ilisoma NDIYO vizuri, na kidogo nidanganyike kwamba kila kitu ni kizima. Nikaketi kwenye kiti chako, nikavua kiatu, nikakanyaga kama wewe na kushikilia. Mwanga haukutembea. Sauti ilisoma NDIYO mguu wangu ungali chini.

Hapo nikaelewa. Ulipokanyaga, emuleta iliiambia programu kwamba umeachilia papo hapo. Mwanga haukupata nafasi ya kuondoka kisanduku cha kwanza. HAPANA ilikuwa jirani yake tu, upana wa kidole, na hukuweza kuifikia.

Lakini kujua kinachotokea si kujua kilianza wapi, na bila hilo wangesema nimeota. Wanaotengeneza emuleta wameyahifadhi matoleo yao yote kwenye tovuti. Nilijua la zamani lililofanya kazi na jipya lisilofanya, na kati yao kulikuwa na msururu. Nikakumbuka ulivyonifundisha: pindo refu likivuta, usilifumue lote kama mjinga. Fumua katikati. Upande uliotulia uache, upande unaovuta ufumue katikati tena. Nikaweka toleo la katikati, nikakanyaga. Mwanga ulitembea. Basi kosa liko mbele yake. Nikagawa tena, nikakanyaga. Ukakwama. Liko nyuma. Wateja walisubiri nakala za vitambulisho huku wakiniangalia nikikanyaga pedali bila cherehani. "Huyu ameanza," mmoja alimnong'oneza mwenzake, na si kwa sauti ndogo.

Nikalipata. Toleo moja lilikuwa zima na lililofuata likawa bovu, na hakuna kitu kati yao. Kwenye maelezo yake wenyewe walikuwa wameandika, kwa Kiingereza, kwamba wamekiboresha kipanya: sasa kinajibu haraka zaidi.

Niliwaandikia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Mmoja akanijibu kwamba kwake inafanya kazi, labda nina pedali mbovu. Bila shaka kwake inafanya kazi. Wao hubofya na kuachilia kama kuku anayedonoa. Hakuna kati yao anayeshikilia kama fundi anayemalizia pindo la gauni la harusi. Nikamtumia jina la toleo na jinsi ya kujaribu. Mwingine akaja akashukuru, akasema ni kweli, ni jambo la nadra, litarekebishwa. Lilirekebishwa. Habari zake nilizipata matanga yako yakiwa yamekwisha.

Sikuwasubiri. Nilikuja Kathonzweni na lile toleo zima la mwisho, nikaliweka, nikakuinulia mguu juu ya pedali. Nau alikuwa uani anapiga gumzo. Ukakanyaga. Mwanga ukaondoka kwenye NDIYO, nikasikia umevuta pumzi. HAPANA. Ukaachilia, ukakanyaga tena. HAPANA. Ulisema neno hilo mara nyingi sana, Mwaitu, bila mtu kukuuliza chochote. Nilikuacha. Halafu ukaanza herufi. M. T. O. E. N. I.

Mtoeni.

Na baada ya kupumzika, neno jingine, ukinitazama usoni: MLIAMINI.



Nilimpigia Kyalo, nikampigia mchungaji. Walikuja na wazee wawili wa kanisa, Nau akaketi kando ya mlango. Nikasema, "Mchungaji, muulize lile swali tena." Hakutaka, kwa hiyo niliuliza mimi. "Mwaitu, umemsamehe Nau?"

HAPANA.

"Unamtaka humu ndani?"

HAPANA.

Kisha mchungaji akasema kwa upole, kama mtu anayempa mtoto peremende, "Binti yangu, mashine ilikuwa nzima. Umeifungua. Sasa imeharibika."

"Ilikuwa imeharibika siku ile. Naweza kukuonyesha. Nairudisha kama ilivyokuwa, halafu uliza chochote. Uliza kama wewe ni mbuzi."

"Siwezi kumjaribu Mungu."

"Si Mungu. Ni kipanya."

Nau akainuka. "Ameiweka maneno yake mwenyewe. Huyu mtoto amenichukia tangu tumboni."

"Tumboni hukuwepo unione," nilimwambia.

Kyalo akanishika mkono. "Unataka tufanye nini? Kanisa zima lilishuhudia. Tuwaambie watu walimwimbia Mungu kwa sababu ya waya?"

"Waambie."

"Wewe waambie. Wewe huna familia ya kuaibisha."

Mashine ilipokusingizia waliipigia makofi. Iliposema kweli wakasema imeharibika. Waliondoka baada ya sala fupi ya kuomba amani katika nyumba hiyo. Nau alirudi kitandani kwake, ng'ambo ya chako, akageukia ukuta.

Hatukuweza kumtoa, kwa hiyo nilikutoa wewe. Ndunge alipata pikapu ya shemeji yake, tukakulaza kwenye godoro kati ya magunia ya ndengu, ukaja kukaa nami Salama, chumba cha nyuma ya duka. Kyalo alitangaza kwamba nimeiba mzazi. Malori yalikunyima usingizi, ukayatukana, ukaitukana chai yangu, ukatukana mtindo wa nywele wa kila mteja aliyechungulia mlangoni. Ulipomwambia mwalimu mmoja SURUALI HIYO NI YA MAREHEMU, alicheka na machozi, kwa sababu kumbe ilikuwa kweli, ilikuwa ya baba yake. Zilikuwa siku zetu nzuri. Zilikuwa chache. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati, hukukanyaga tena.

Walikurudisha Kathonzweni, maana mtu huzikwa kwake. Nau alisimama kando ya kaburi akashika kipaza sauti. "Neno lake kwangu," alisema, "lilikuwa ndiyo." Akina mama wakajibu amina. Mimi nilikuwa nimeshika shada, na kama ningekuwa nimeshika jiwe ningelirusha.

Sasa anaumwa, na daktari hajamficha. Ameomba azikwe kando yako. Mjomba wetu, kaka yako mkubwa, alisema hawezi kuonyesha mahali pa kuchimba mpaka watoto wako wote wakubaliane kwa vinywa vyao. Wengine walikubali kwenye simu. Kyalo akaja dukani.

"Sema tu ndiyo," aliniambia. "Ni neno moja."

"Najua ni neno moja."

"Unamnyima mzee shimo?"

"Shamba ni kubwa. Mchimbieni popote. Pale hapana."

"Amekufa, huyo mama. Hasikii tena nani amelala wapi."

"Alipokuwa anasikia mlimlaza naye pia."

Aliondoka akipiga mlango. Nilidhani yameisha. Juma lililofuata Nau alikuja mwenyewe, ameletwa na pikipiki, akasimama mlangoni mpaka mteja wa mwisho akatoka. Sikumpa kiti. Nilirithi hilo kwako.

"Siku ile ulipoitengeneza," alisema. "Kabla hujatuita. Alisema nini hasa?"

"Mtoeni."

Alifikiri. "Hata jina hakutaja?"

"Hata jina."

Alitazama barabara. Malori yalikuwa yanapanda. Nilimwona anavyohema, niliiona mikono yake ilivyokonda, na nakuambia ukweli, Mwaitu, nilingoja huruma ije. Niliingoja kwa haki. Haikuja.

"Na wewe?" akaniuliza, bila kunitazama. "Wewe una mdomo wako. Umenisamehe?"

"Hapana," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, polepole. "Hiyo nimeisikia," alisema. Akaomba nimsaidie kupanda pikipiki, nikamsaidia.

Jioni yake mjomba alipiga simu. Nau amemwambia achimbe upande wa chini, karibu na ua wa mkonge. Kyalo hazungumzi nami. Mchungaji ameniombea kwa jina kanisani, na Ndunge anasema lilikuwa ombi refu.

Watu wananiambia nitajuta, kwamba chuki si urithi. Labda. Hayo yatakuwa yangu na nitayabeba. Lililokuwa lako ni hapana, na limefika lilipotumwa, japo limechelewa na japo limepitia kinywa changu.

Kwa heri, Mwaitu. Lala peke yako. Jitanue.

Ni mimi,
kitindamimba wako.